NIMEKUFA MARA 2,316 NA BADO NADUNDA

  Mimi huku Dutwa sijambo kiasi, isipokuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ambacho kimevimba kama kimeng'atwa na nge. Hakijang'atwa na nge. Kimevimba kwa kubonyeza herufi C.

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile mada ya wachumba wanaotumiwa nauli halafu hawafiki. Barua zenu nimezipata, hasira zenu nimeziona, lakini mada hiyo itasubiri. Yamenikuta makubwa.

Kwa wasiopajua, Dutwa ni senta iliyo kwenye lami ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi. Ukisinzia kidogo kwenye basi umeshapitiliza. Wakati huu wa pamba kila nyumba ina marobota ya kienyeji, maana yake ni kwamba pamba imejazwa chumbani mpaka mwenye chumba hana pa kulala. Chumba kilichojazwa kwetu ni changu. Nalala juu ya pamba, nakula juu ya pamba, na safu hii unayoisoma naiandika nikiwa nimekaa juu ya pamba kama sultani.

Basi bwana, juu ya pamba hiyo hiyo ndipo ilipowekwa laptopu moja nyeusi, ya rehani. Mwenyewe ni mshikaji wangu wa tangu darasa la kwanza, jina kapuni. Mwezi wa pili mwaka huu alikuja nyumbani jioni, akamwamkia mama, akakaa kimya kama mtu aliyekuja kuposa. Mwishowe akasema anataka nauli ya Dar es Salaam, na kwamba anaacha laptopu yake mpaka atakapoikomboa. Mama akamkopesha 80,000. Mimi nilikuwepo lakini sikusema mengi. Kesho yake alfajiri akapanda basi, akaondoka.

Laptopu ikakaa miezi mitatu imefungwa kwenye kitenge. Mimi na wewe tunajua kuwa kitu cha rehani hakitumiwi. Lakini mvua zilipokata, pamba ikaingia ndani, jioni zikawa ndefu, nikajisemea ngoja niiwashe tu nione kama haijaharibika. Shetani huwa anaanzia hapo hapo kwenye "ngoja nione".

Nikakuta gemu moja tu. Inaitwa Celeste.

Hapa kwetu ukisema gemu watu wanaelewa pleisteshen ya mpira. Unalipa hela yako kibandani, mnafungana mabao, anayefungwa anaachia pedi. Kaka zetu waliokuwa mijini miaka ya 1990 wao walikuwa na zile mashine za kuchomeka kwenye TV, zenye kaseti za plastiki ambazo zikigoma unazipuliza kwa mdomo. Huko ndiko walikomjua Mario, fundi bomba mwenye masharubu, ambaye gemu yake iliyovuma dunia nzima ilitoka Japani mwaka 1985. Celeste ni ya ukoo huo huo. Imetoka Januari 2018, lakini imechorwa makusudi kwa vidoti vikubwa vikubwa kama ya zamani. Watengenezaji wake wakuu ni Maddy Thorson na Noel Berry. Mwaka 2015 walitengeneza kagemu kadogo ka majaribio kwa siku nne tu, kakawanogea, wakakakuza mpaka ikawa hii. Mshikaji aliipata bure mwaka 2019, wakati duka la mtandaoni la Epic lilipoigawa kwa wiki moja. Akili kumkichwa!

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Kuna binti anaitwa Madeline, anataka kupanda mlima uitwao Celeste mpaka kileleni. Kwa nini anataka, hata mwenyewe hajui vizuri. Mwanzoni kabisa anakutana na bibi kizee mmoja anayecheka sana, ambaye anamwonya kuwa mlima huu unaweza kumwonyesha mambo ambayo hayuko tayari kuyaona. Gemu inakuruhusu kumpa binti jina lolote, na mimi nikamwita Dutwa. Kwa hiyo bibi akawa anamwambia Dutwa kuwa hawezi. Nikasema hee! Hunijui wewe bibi.

Vitendo viko vitatu tu. Unaruka kwa C, unachomoka hewani kama mshale kwa X, na unang'ang'ania ukuta kwa Z. Kuchomoka ni mara moja, mpaka uguse tena chini. Ukiwa na akiba nywele za binti ni nyekundu, ukishaitumia zinageuka bluu. Kung'ang'ania nako kuna pumzi yake, ikiisha mikono inaachia. Basi, mambo yenyewe ni hayo. Nikasema hii nitaimaliza kabla ugali haujaiva.

Msomaji wangu, we acha tu.

Vyumba vingi ni kioo kimoja cha laptopu, na vimejaa miiba. Miiba chini, miiba juu, miiba ukutani. Ukigusa mwiba mmoja, hata kwa unyayo, binti anapasuka na unarudi mwanzo wa chumba. Hakuna kupunguziwa maisha, hakuna kuambiwa pole, hakuna kusubiri. Kabla hujamaliza kutukana umeshasimama tena, unatakiwa kujaribu. Kuna chumba cha sura ya tatu, kwenye hoteli moja bovu yenye mzimu unaopenda usafi, ambacho kiliniua mara 94. Nilizihesabu na kuziandika ukutani kwa mkaa, mama akaja kuuliza kama nimeanza kukopesha watu chumvi.

Sura ya pili ndiyo iliyonitisha. Binti anajiangalia kwenye kioo cha kujitazamia, halafu yule wa kwenye kioo anatoka. Sura ile ile, ila nywele za zambarau na macho mekundu. Anaanza kumfuata nyuma, akirudia kila hatua aliyopiga yeye mwenyewe. Ukisimama kuwaza, anakufikia. Ukirudi nyuma, unamkuta. Wapwa zangu, ambao walikuwa wamejipanga juu ya pamba kama njiwa, wakapiga kelele za kweli, na yule mdogo wa miaka sita akaenda kulala kwa bibi yake.

Yule wa miaka tisa alifanya kioja. Siku moja nimetoka kisimani nikamkuta ameshapita chumba ambacho mimi kilinitoa jasho siku mbili. Nikamshika sikio, aseme amefanyaje. Kumbe amekuta sehemu ya msaada ndani ya gemu yenyewe, ambapo unaweza kuipunguza kasi au hata kumfanya binti asife kabisa. Watengenezaji wameiweka wazi, hawamcheki mtu anayeitumia. Mimi niliikataa kwa sababu za kiume, ambazo sasa nikizitafakari sizioni zilipo. Na tena nimesoma kuwa hata sisi tunaojidai tunabebwa bila kujua. Ukipitiliza ukingo kwa sehemu ndogo ya sekunde, ukabonyeza kuruka umechelewa, gemu inajifanya haijaona, inakurusha. Ndiyo maana inakuudhi lakini huwezi kusema imekuonea. Kila ukifa unajua kabisa kosa ni lako.

Mama alivumilia siku nne. Ya tano akasimama mlangoni.

"Baba, hiyo pamba unayoikalia nani ataipeleka mizani?"

"Mama, nipo mita elfu moja."

"Mita elfu moja za nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza mzazi. Nikazima, nikabeba pamba. Usiku nikawasha tena.

Sasa hapa ndipo mambo yalipobadilika, na ndiyo sababu nimewaacha wachumba na nauli zao.

Gemu hii ina nafasi tatu za kuhifadhi safari. Mimi nilianza kwenye nafasi ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na mtu. Ilikuwa ya mshikaji. Siku zote nilikuwa naipita tu bila kuitazama, kama unavyopita kaburi la mtu usiyemjua. Usiku huo umeme ulikatika, na kwa kuwa betri ya laptopu hii ilishakufa, ikazima. Uliporudi nikawasha, na nikiwa nasubiri nikaisoma nafasi ya kwanza. Amecheza saa 61. Amekufa mara 9,874. Amekusanya stroberi 131. (Stroberi ni vitunda vyekundu vilivyofichwa pale pabaya zaidi, na gemu inakwambia wazi kabisa kuwa havina faida yoyote. Mimi stroberi nimeiona kwenye kopo la yogati tu.)

Mara 9,874! Nikaitazama kibodi. Herufi A ipo, S ipo, M ipo. Herufi C imefutika. Pale palipokuwa na C pamebaki pa kung'aa, kama jiwe la kunolea kisu.

Ngoja nikwambie huyu mshikaji alikuwa nani. Shuleni alikuwa kichwa. Mimi hesabu nilipata F ya kifo, yeye alikuwa anawasahihisha walimu kwa adabu. Akaenda zake chuo mjini, na sisi tuliobaki tukawa tunajisifu kwa jina lake. Katikati ya mwaka wa pili akarudi. Hana cheti, hana maelezo. Hakuwa amefukuzwa, hakuwa mgonjwa wa kuonekana. Akaingia kwenye chumba chake cha uani, akafunga mlango.

Si unajua tena senta ndogo. Wengine wakasema karogwa. Wengine wakasema ni mwanamke. Wengine bangi. Sisi washikaji tukasema anajisikia, mjini kumemlevya, hataki tena kukaa na wauza karanga. Wiki ya kwanza nilienda mara mbili, akanijibu akiwa nyuma ya mlango kwamba amechoka. Nikaona isiwe taabu. Usiku nikipita kutoka kuangalia mpira nilikuwa naona kadirisha kake kana mwanga wa bluu, nasema huyo, anakula muvi zake, maisha kayapatia.

Zile saa 61 ndizo ule mwanga.

Kesho yake nikaendelea na safari yangu, nikafika sura ya nne. Mwishoni mwake binti anapanda kigari kinachoning'inia kwenye waya, juu ya bonde, pamoja na kijana mmoja mchangamfu aitwaye Theo. Kigari kinakwama katikati. Binti anashindwa kupumua. Hajapigwa wala hajaumwa, pumzi tu imekataa. Theo anamwambia awaze unyoya mbele yake, aupandishe na kuushusha kwa pumzi yake taratibu. Na wewe mchezaji unapewa kazi hiyo. Unabonyeza unyoya unapanda, unaachia unashuka, taratibu, mpaka utulie. Hakuna miiba pale wala kufa. Wapwa wakanyamaza wote. Mimi nikajikuta navuta pumzi pamoja na ule unyoya, halafu nikawaza jinsi mshikaji naye alivyokaa hapa hapa, saa nane za usiku, mlango umefungwa, anabonyeza C ambayo ilikuwa bado na wino.

Maddy Thorson ameshasema hadharani kuwa gemu hii ameitoa kwenye mahangaiko yake mwenyewe ya hofu na kukata tamaa. Mimi sikulijua hilo nilipoanza. Nilidhani ni binti anaruka miiba.

Sitakumalizia hadithi yote, ukiipata utajionea. Itoshe kusema kwamba sura ya sita yule wa zambarau anamtupa binti kutoka juu mpaka chini kabisa ya mlima, chini ya pale alipoanzia. Nilitaka kuitupa laptopu kwenye pamba. Lakini huko chini wanapatana, wanapanda pamoja, na kuanzia hapo anachomoka mara mbili badala ya moja, nywele pinki. Sura ya saba unaupanda mlima wote upya, na kipande cha mwisho kina vibendera vyenye namba vinavyohesabu kushuka kutoka 30. Pale kidole ndipo kilipovimba. Jumamosi saa tisa na nusu usiku nikafika. Saa 22, vifo 2,316, stroberi 31. Wapwa walikuwa wamelala. Hakuna aliyenipigia makofi isipokuwa jogoo wa jirani, na yeye alikuwa amekosea saa.

Halafu nikafanya nilichokuwa nakiogopa. Nikaifungua nafasi ya kwanza. Binti wa mshikaji akatokea palepale alipomwacha, mita 3,000, theluji inampiga, nywele pinki, akiba zote mbili anazo. Kimebaki kipande kimoja kufika kileleni. Na mimi kipande hicho nilikuwa nimetoka kukipita sasa hivi, mkono bado una moto. Ningeweza kummalizia. Nilikaa vidole vikiwa juu ya C kwa muda mrefu. Mwisho nikatoka bila kumgusa, nikafunga.

Jumapili jioni nikanunua vocha, nikampigia. Sikuwa nimempigia tangu aondoke.

"Mwadila."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Mama anataka hela yake, eeh? Mwambie mwisho wa mwezi."

"Siyo hela. Nimefika kileleni."

Kimya. Nyuma yake nasikia mikokoteni na watu wanaopiga kelele za biashara. Anabeba mizigo Kariakoo.

"Kilele kipi?"

"Cha kwenye laptopu yako."

Akacheka. Msomaji, sijamsikia kucheka tangu kidato cha nne. "Umekufa mara ngapi?"

"Elfu mbili mia tatu na kumi na sita."

"Mtoto mdogo wewe."

Tukaongea mpaka vocha ikaanza kunionya. Akaniambia alikuwa haogopi kufa kwenye ile gemu, alikuwa anaogopa kulala, maana akilala anakuja kuamka, na akiamka kuna siku nzima mbele yake. Akicheza alikuwa na chumba kimoja tu cha kukiwaza. Nikamuuliza mbona aliishia mita 3,000, amebakiza kidogo hivyo? Akasema siku ile alisikia ana nguvu, akaona afadhali azitumie kusafiri kabla hazijaisha. Alijua ataimalizia akifika Dar. "Kumbe laptopu ndiyo nauli," akasema, akacheka tena.

Halafu akasema jambo jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwamba alikuwa anatusikia jioni tukipita barabarani na mpira, na kila siku alikuwa anasema leo watagonga.

Vocha haikuwa imeisha. Mimi ndiye niliyeishiwa. Nikamwambia pole, kaka. Akasema haya, yamepita, kuna mzigo unaniita. Wabeja.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina libaki kapuni na niweke idadi ya vifo vyake kamili, asionekane wa kawaida.

Na mama nimeshaongea naye. Ile 80,000 nitailipa mimi, nusu kwa pamba ya shamba langu la uani na nusu kwa malipo ya safu hii na ya zile mbili za nyuma (Mhariri, ukifika hapa usipitilize). Alinitazama akauliza kama mita zangu zimekwisha. Nikasema zimekwisha. Akaichukua laptopu, akaifunga yeye mwenyewe kwa kile kitenge chake, akaizungushia pamba ya kutosha isigongwe njiani, na kumkabidhi kondakta wa basi la Dar kwa maneno makali ambayo siwezi kuyaandika gazetini.

Mwisho wa gemu, msomaji, binti anaoka pai ya stroberi na kuwagawia marafiki zake. Ubora wa pai unategemea ulizookota. Mimi kwa stroberi zangu 31 pai ilitoka ya aibu aibu, wageni wakaila kwa heshima tu. Yeye ana 131. Nimemwambia ikiiva aipige picha anitumie, na kwamba mwezi wa 12 akija likizo nitagonga mlango huo hata kama ameshaufungua.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, wachumba na nauli.